Mistari Michache ya Msimbo kwa Tovuti Yako

Leo nasema na wewe mwenye tovuti, au unayemtunzia mwenzako tovuti: ya duka, ya shule, ya msikiti, ya kanisa, ya nyumba ya wageni, ya chama cha kuweka na kukopa. Na wewe kijana uliyejifunza kutengeneza tovuti kwa kompyuta ya kuazima, sogea karibu na redio. Mazungumzo haya ni yako hasa.

Nataka tuzungumzie vipande vya msimbo. Ni mistari michache tu, mitatu, mitano, pengine mmoja, ambayo fundi anainakili na kuibandika kwenye tovuti ili ifanye jambo ambalo haikuwa ikilifanya. Huhitaji kuvunja tovuti nzima na kuijenga upya. Unaongeza mistari miwili, na kitu kilichokuwa kinakera wateja kwa miaka kinakwisha.

Lakini kuna sharti, na nitalirudia, mnivumilie. Usibandike kwenye tovuti yako mstari ambao huwezi kumweleza mtu kazi yake. Ukiweza kueleza, bandika. Usipoweza, subiri kwanza, uliza, soma, halafu bandika.

Kwa ufupi sana, vipande hivi huandikwa kwa lugha gani? Kuna HTML, inayosema kilichomo ukurasani. Hiyo ilianza na Tim Berners-Lee pale CERN, Uswisi, na tovuti ya kwanza ilionekana mwaka 1991. Kuna CSS, ya rangi, ukubwa na mpangilio. Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994. Kuna JavaScript, ya vitendo vinavyofanyika ndani ya kivinjari. Brendan Eich aliiandika mwaka 1995. Na kuna PHP, inayofanya kazi huko kwenye seva kabla ukurasa haujamfikia msomaji. Tovuti nyingi mnazozijua zimejengwa kwa WordPress, iliyoanza mwaka 2003, nayo inazitumia zote nne. Basi. Hapo nimemaliza darasa, twende kwenye kazi.

Redioni siwezi kukusomea alama moja moja. Nitakueleza kila kipande kinafanya nini na kinakaa wapi, ili ukienda kukitafuta ujue unatafuta nini.

Tuanze na namba ya simu. Tuseme una karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Mteja ameona kabati kwenye tovuti yako, amelipenda. Namba yako ipo chini ya ukurasa, lakini akiigusa haifanyi kitu. Itabidi aikariri, atoke ukurasani, aandike tarakimu kumi moja baada ya nyingine. Wangapi watafika mwisho? Kinachohitajika ni mstari mmoja wa HTML: kiungo kinachoanza na herufi tel, nukta mbili, halafu namba yako ikiwa na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya. Mteja akigusa, simu yake inafungua sehemu ya kupigia, namba ikiwa tayari imeandikwa.

Na WhatsApp je? Hiyo nayo ni mstari mmoja. Anwani yake ni wa.me, kisha mkwaju, kisha namba. Ila sikiliza vizuri, maana hapa ndipo viungo vingi vinakufa. Kwa WhatsApp hakuna alama ya kujumlisha. Hakuna nafasi, hakuna vistari, na ile sifuri ya mwanzo inaondoka. Kama namba yako unaisoma sifuri saba na kuendelea, kwenye kiungo itaanza 2557. Narudia: kiungo cha kupiga simu kina alama ya kujumlisha, cha WhatsApp hakina. Unaweza pia kuongeza ujumbe ulioandikwa tayari, tuseme “Habari, naulizia kabati”, mteja akigusa anakuta maneno yapo na kazi yake ni kutuma. Nafasi kati ya maneno huandikwa kwa alama ya asilimia na 20. Ukiona kipande chenye asilimia na 20 katikati ya maneno, sasa unajua ni nini.

Unaona tunavyokwenda? Mstari mmoja, na unaweza kumweleza mtu kila sehemu yake.

Sasa kioo cha simu. Umewahi kufungua tovuti kwenye simu ukakuta maandishi madogo kama punje za ulezi, mpaka uvute kwa vidole viwili? Tovuti hiyo imekosa mstari mmoja unaokaa juu kabisa, ndani ya kichwa cha ukurasa, unaokiambia kivinjari: upana wa ukurasa uwe sawa na upana wa kifaa. Mstari huo ulikuja na simu za iPhone za Apple mwaka 2007, ukaenea kwenye vivinjari vyote. Jina lake ni viewport, utaliona hivyo hivyo kwenye msimbo. Nina ombi moja juu yake. Kuna nakala zinazozunguka zenye maneno ya ziada yanayomzuia msomaji kukuza ukurasa. Yaondoe maneno hayo. Mama yetu mwenye miaka sabini anahitaji kukuza maandishi, na hakuna sababu ya maana ya kumnyima.

Kuhusu picha, nitataja mambo mawili. La kwanza ni kanuni fupi ya CSS inayosema picha isizidi upana wa mahali ilipowekwa, na urefu wake ujipange wenyewe. Hiyo inazuia picha kuchungulia nje ya kioo. La pili ni neno moja linaloongezwa kwenye picha, lazy, linalokiambia kivinjari kisiipakue mpaka msomaji akaribie kuifikia. Msomaji anayesoma kwa bando la siku, ambaye huenda hatashuka mpaka chini, hatozwi kwa picha ambazo hakuziona. WordPress imekuwa ikiliweka neno hilo yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwa hiyo kama tovuti yako ni ya WordPress na umeisasisha, huenda huna kazi hapo. Picha ya juu kabisa usiiwekee, hiyo inatakiwa ije mara moja. Na tusidanganyane: hakuna kipande cha msimbo kinachotibu picha uliyoipandisha moja kwa moja kutoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti sita. Hiyo ipunguze kwanza, ndipo uipandishe.

Sasa lugha. Kila ukurasa wa HTML una mahali pa kutaja lugha yake, kwenye lebo ya mwanzo kabisa. Tovuti nyingi za Kiswahili zimeandikwa en hapo, yaani Kiingereza, kwa sababu themu, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, ilikuja hivyo na hakuna aliyeigusa. Ina madhara gani? Mtu asiyeona anatumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti. Programu hiyo inatazama herufi hizo mbili kuamua matamshi. Ikiambiwa ni Kiingereza, itasoma “karibuni sana” kwa ulimi wa London, na msikilizaji ataambulia kelele. Herufi za Kiswahili ni sw. Unabadilisha herufi mbili tu. Wengine watakuambia ukiweka sw utapanda juu kwenye utafutaji wa Google. Si kweli, Google wenyewe wamesema huitambua lugha kwa maneno yanayosomeka ukurasani. Weka sw kwa ajili ya wasomaji, hasa wasioona.

Na hapa kwenye Kiswahili nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo vipande vya kunakili kutoka nje vinapotuangusha. Tuchukue tarehe. Nimeona mafundi wengi wakinakili msimbo wenye orodha ya siku saba na miezi kumi na miwili, kisha wanakaa kutafsiri jina moja moja. Kazi hiyo imeshafanyika. Ndani ya JavaScript mna kifaa cha kuandika tarehe, na ukikipa herufi zile zile, sw, kinaandika Jumatano, kinaandika Machi, bila orodha yoyote. Vivinjari vya kisasa vinakijua Kiswahili siku nyingi; kinachokosekana ni mtu wa kuviomba.

Lakini saa! Kifaa hicho cha JavaScript kitakupa nambari za saa ya Kizungu. Tuseme una nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar, na tovuti inasema kifungua kinywa ni 8:00. Mgeni kutoka Berlin anaelewa. Familia iliyotoka Tanga kwa mapumziko inasoma saa nane, wanashangaa chai gani hiyo ya mchana. Ukigeuza ukaandika 2:00, familia ya Tanga wanaelewa, mgeni wa Berlin anadhani kuna karamu usiku wa manane. Kila mmoja amesoma sawasawa kwa mazoea yake. Jibu ni kuandika zote mbili, na kipande kidogo kinaweza kukufanyia hesabu.

Shika kalamu, hesabu yenyewe hii hapa. Chukua saa katika mfumo wa saa 24. Ongeza sita. Gawanya kwa kumi na mbili, uchukue kinachobaki. Kikibaki sifuri, andika kumi na mbili. Tujaribu. Saa ya Kizungu ni 8 asubuhi: nane kuongeza sita ni kumi na nne, toa kumi na mbili, inabaki mbili. Saa mbili asubuhi. Tujaribu ya jioni, saa 18: kumi na nane kuongeza sita ni ishirini na nne, ukigawanya kwa kumi na mbili hakibaki kitu, basi andika kumi na mbili. Saa kumi na mbili jioni. Na saa 20? Ishirini na sita, inabaki mbili. Saa mbili usiku. Hesabu hiyo ni mstari mmoja wa JavaScript. Maneno ya asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku utayaongeza kwa mistari mingine michache, na mipaka yake utaiweka wewe, kulingana na watu wa kwenu wanavyosema.

Kuna mtego mwingine kwenye saa. Unakijua kile kipande kinachoandika “Tumefungua” au “Tumefunga” kulingana na muda? Vingi vinasoma saa ya kifaa cha anayetazama. Sasa ndugu yako yuko Muscat, ambako saa iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Kwake imefika saa mbili, tovuti inamwambia mmefungua, anapiga, na kwenu bado ni saa moja, mlango umefungwa. Ndiyo maana kipande kizuri kinataja eneo la saa kwa jina: Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi. Ukikuta kipande cha muda kisichotaja eneo, ujue hakijakamilika kwa biashara yenye wateja nje ya nchi.

Haya. Vipande tunavyo. Tuviweke wapi? Swali hili linawatesa wengi kuliko vipande vyenyewe.

Kwenye WordPress, mtu anafungua faili la themu, anabandika kipande, kinafanya kazi, anafurahi. Baada ya wiki tatu themu inasasishwa, na kila alichoandika kimetoweka. Si wadukuzi. Sasisho limeleta mafaili mapya juu ya yale aliyoyabadilisha. Ni kama kupanda mchicha kwenye shamba ambalo mwenyewe hulilima upya kila msimu: siku akija na trekta, mchicha wako haumhusu. Kwa hiyo usiandike ndani ya themu ya wenyewe. Tengeneza themu mtoto, yaani folda ndogo inayorithi kila kitu cha themu mama, na mabadiliko yako yakae humo. Kwa CSS peke yake kuna njia nyepesi zaidi: tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016, WordPress ina sehemu ya CSS ya ziada, ambayo sasisho la themu haliigusi. Na kwa vipande vya PHP kuna plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, iitwayo Code Snippets, ambayo inakuruhusu kuwasha na kuzima kipande kimoja kimoja. Kikileta shida, unakizima hicho, vingine vinaendelea.

PHP ndiyo ya kuheshimu zaidi. Ukikosea CSS, rangi itaharibika. Ukisahau nukta mkato moja kwenye faili la themu liitwalo functions.php, tovuti nzima inaweza kuzimika, pamoja na mlango wako wa kuingilia. Tangu toleo la 5.2, WordPress hujitahidi kukutumia barua pepe yenye kiungo cha kukuingiza ukarekebishe, lakini usilale mlango ukiwa wazi kwa kutegemea hilo. Chukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, kabla ya kubandika. Narudia: bakapu kabla ya kubandika. Na ujaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti iliyo kwenye kompyuta yako.

Sasa nirudi kwenye lile sharti langu. Usibandike mstari usioweza kuueleza. Kwa nini nalisisitiza?

Kulikuwa na kipande maarufu sana duniani, cha huduma iitwayo Polyfill. Kilivisaidia vivinjari vya zamani kufanya mambo yasiyokuwemo ndani yake. Kilikuwa mstari mmoja tu, unaokiambia kivinjari kikachukue JavaScript kutoka kwenye anwani ya polyfill.io. Maelfu kwa maelfu ya tovuti ziliubandika na kuusahau. Mapema mwaka 2024 anwani hiyo ikauzwa kwa kampuni nyingine. Andrew Betts, aliyeuanzisha mradi huo, akawaomba watu hadharani wauondoe mstari huo, akisema tovuti za leo hazihitaji tena. Wengi hawakusikia. Ilipofika Juni mwaka huo, wataalamu wa usalama wakagundua kwamba anwani ile inatoa msimbo wenye sumu: baadhi ya watu waliofungua tovuti hizo kwa simu walikuwa wanapelekwa kwenye tovuti za kamari. Tovuti zaidi ya laki moja zilikuwa na mstari huo. Wenye tovuti hawakubadilisha kitu chochote. Aliyebadilika ni mwenye anwani.

Kwa hiyo ukikuta kipande kinachovuta faili kutoka anwani ya mtu mwingine, jiulize maswali mawili. Huyu ni nani? Na kesho akiuza anwani yake, mimi nitajuaje? Mara nyingi ni salama zaidi kulipakua faili hilo na kuliweka kwenye seva yako mwenyewe.

Hata pale ambapo hakuna ubaya wa mtu, kosa linaweza kunakiliwa. Kwenye Stack Overflow, mahali ambapo mafundi wa dunia huulizana maswali tangu mwaka 2008, kuna kipande cha lugha ya Java cha kuandika ukubwa wa faili kwa kilobaiti na megabaiti. Mwandishi wake, Andreas Lundblad, alikiandika mwaka 2010. Baadaye watafiti waliofuatilia kunakiliwa kwa misimbo walikikuta ndicho kilichonakiliwa zaidi kati ya vipande vya Java vya pale. Mwaka 2019 mwandishi mwenyewe akatangaza kwamba kina hitilafu, akakisahihisha. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini fikiria nakala zilizokwisha kusambaa, nani atazisahihisha? Ukinakili kutoka pale, andika kwenye msimbo wako ulikitoa wapi, ili siku moja uweze kurudi kutazama. Tena leseni yao ya Creative Commons inakutaka umtaje mwandishi.

Najua leo wengi mnaiomba akili mnemba iwaandikie kipande. Sina ugomvi nayo. Sharti ni lile lile. Ikuandikie, kisha iambie ikueleze mstari kwa mstari, kisha ujaribu kwenye nakala. Ile hesabu yetu ya saa, kwa mfano, ijaribu kwa saa 6 asubuhi na saa 18 jioni, maana kipande kilichosahau kanuni ya sifuri kitaandika “saa 0 asubuhi” bila aibu yoyote.

Ninachowashauri mafundi vijana ni kuwa na daftari la vipande. Liwe faili kwenye kompyuta, liwe daftari la karatasi, yote sawa. Kila kipande kiandikie kwa Kiswahili chako: kinafanya nini, kimetoka wapi, nimekiweka kwenye tovuti ipi, tarehe gani. Mteja akikuita baada ya miaka miwili akisema tovuti imeharibika, utajua pa kuanzia. Na ukiondoka, atakayekufuata atakushukuru.

Basi, mpendwa msikilizaji, muda umetuishia. Kabla ya kipindi kijacho nakuomba kazi moja. Fungua tovuti yako kwenye simu ya mtu mwingine, si yako. Gusa namba ya simu, gusa WhatsApp, soma saa za kufungua, kisha tazama kama lebo ya lugha imeandikwa sw. Chochote kitakachokataa, anza nacho, na chukua bakapu kwanza.